Mlezi wa Ligi Hana Kura

Kiti chake kilikuwa cha plastiki, cheupe, chenye mikono, na ndicho kiti pekee chenye mikono katika ukumbi mzima. Sisi wengine tulikaa kwenye mabenchi au tulisimama. Mgongoni mwa kile kiti waliandika kwa rangi nyekundu: MLEZI. Kamati ya Ligi ya Malisho ilimpa kiti hicho, soda moja kila mechi, na heshima zote za dunia isipokuwa ruhusa ya kusema chochote. Yeye ndiye aliyeutengeneza mchezo wenyewe.

Naandika habari zake humu kwenye daftari kwa sababu kuzisema siwezi. Mimi nikisimamishwa mbele ya watu watatu, sauti inarudi ndani kama kichwa cha kobe. Yeye alilijua hilo na hakunisumbua. Darasani hakuniita jina, aliniita "wewe wa kompyuta ya tano", maana nilikaa kwenye ile ya mwisho, karibu na ukuta. Shule ilikuwa na kompyuta kumi na mbili na zilizowaka zilikuwa tano, kwa hiyo cheo changu kilikuwa kikubwa kuliko kinavyosikika. Sisi tulimwita Mwalimu wa Tehama. Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, sijui, na sikuuliza.

Alivaa shati moja la bluu. Au alikuwa na mashati matano ya bluu yanayofanana. Kidato cha Tatu tulibishana juu ya jambo hilo mwaka mzima bila kupata ushahidi. Mfukoni alichomeka kalamu tatu, inayoandika moja. Alipenda karanga za kuchemsha na alizimenya kwa utaratibu wa kutisha, maganda yote yakiangalia upande mmoja. Na alikuwa na msemo wake, aliousema mtu akijitetea kwamba amekosea kidogo tu: "Kompyuta haina shemeji." Alimaanisha kwamba mashine haikuonei huruma wala haikupendelei, inahesabu ulichofanya, basi. Nadhani ndiyo sababu aliipenda. Mtu anayeishi Bariadi, ambako kila dirisha la ofisi lina shemeji wa mtu, anaweza kuipenda kompyuta kwa hilo peke yake.

Mchezo aliutengeneza wakati wa likizo ili atufundishie amri za kujirudia. Aliuita Malisho. Wachezaji ni wawili, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na ng'ombe hamsini. Unawatoa zizini, unawapitisha njia nyembamba katikati ya mashamba, unawafikisha lamboni wakanywe maji, ndani ya dakika saba. Ng'ombe mmoja akinywa unapata pointi moja. Akiingia kwenye pamba ya jirani unakatwa mbili. Na ng'ombe wale walikuwa na akili kamili za ng'ombe: wakiiona pamba ya jirani wanakumbuka ghafla kwamba hawajala tangu wazaliwe.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kuucheza. Aliyewaumba ng'ombe wote wale hakuwa na hata mmoja aliyemtii. Vijana wa Kidato cha Kwanza walimfunga huku wanatafuna muwa. Alimaliza na pointi chini ya sifuri, anaitazama skrini kwa furaha na kusema, "Ona, inakata vizuri kabisa!" Na ng'ombe wa kweli aliwaogopa. Siku za mnada, kundi likipita barabarani, alijibanza nyuma ya kibanda cha chipsi mpaka mkia wa mwisho upite, halafu anatoka akijifanya alikuwa anauliza bei.

Malisho ulitoka shuleni bila ruhusa ya mtu. Watu waliurushiana simu kwa simu. Kabla ya msimu wa pamba kwisha ulishafika Nkololo, ukaingia Itilima, ukashuka Meatu mpaka Lingeka, ambako vijana waliucheza huku wanachunga, yaani wanachunga ng'ombe wa kwenye simu huku wale wa kweli wanakula pamba ya watu. Yeye aliona fahari. Aliweka ramani ukutani kwenye chumba cha kompyuta na kuchomeka pini kila aliposikia kuna mtu anacheza.

Kwetu kitu kikipendwa na watu zaidi ya ishirini kinaundiwa kamati. Kamati ya Malisho iliundwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mmiliki wa ukumbi wa kuonyeshea mpira, mzee mwenye tumbo na sauti, ambaye ujanani aliongoza kundi la ngoma na hajapata kupumzika tangu hapo. Katibu alikuwa karani mstaafu mwenye muhuri wake mwenyewe. Wa tatu aliitwa Mjumbe, na aliingia kwenye kamati kwa kuwa siku ile alikuwa amekaa pale. Kati yao hakuna aliyewahi kuchunga ng'ombe hata mmoja wa kwenye simu. Mwenyekiti niliwahi kumwona ameshika simu juu chini, anasifia rangi.

Mwalimu alizipata habari za ligi ya mchezo wake kutoka kwenye gari la matangazo, akiwa anachagua nyanya sokoni. Alikimbia na nyanya mkononi mpaka ukumbini. Mimi nilikuwa pale kujiandikisha, nimejificha nyuma ya binamu yangu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mwadila, Mwenyekiti," alisalimia kwa Kisukuma, maana aliyajua maneno manne na hilo lilikuwa moja.

"Mwadila, Mwalimu! Karibu. Tulikuwa tunakutafuta."

"Mmenitafuta wapi?"

"Moyoni," Mwenyekiti akasema, akamvutia benchi.

Mwalimu akaomba aone kanuni. Katibu akampa karatasi yenye mihuri minne. Alisoma kimya, akafika Kanuni ya Saba, akairudia kwa sauti. "Mshindi ni yule ambaye filimbi ya mwisho ikilia atakuwa na watu wengi upande wake." Akainua kichwa. "Watu? Watu gani?"

"Watazamaji."

"Mwenyekiti, mchezo unahesabu pointi. Mwishoni unaandika nani ameshinda. Unaandika kwa herufi kubwa!"

Mwenyekiti akacheka kwa upole, kama anavyochekwa mgeni. "Sikiliza, Mwalimu wangu. Sisi Wasukuma tukishindana mbina, ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, saa ileile. Huyu huku, yule kule. Watu wanakwenda wanakovutwa. Mwenye watu ndiye bingwa. Umewahi kuona mtu ameshika karatasi anahesabu hatua za miguu?"

"Lakini hii si ngoma."

"Kila kitu ni ngoma."

"Na pointi je?"

Mwenyekiti akamtazama Katibu. Katibu akafikiri, akasema, "Pointi ni ushauri."

Ndivyo ilivyokuwa. Waliweka luninga mbili, moja kila upande wa uwanja wa ukumbi, na katikati wakachora mstari kwa chokaa. Kila mchezaji anacheza, simu yake imeunganishwa na luninga yake, watu wanahamahama, filimbi inalia, Mjumbe anahesabu vichwa. Na palepale juu ya mstari, ili asiegemee upande wowote, wakaweka kiti cheupe cha Mlezi.

Mwalimu alipigana kwa njia za watu waliosoma, yaani kwa barua. Aliandika ya kwanza, akajibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili, akajibiwa kwamba ile ya kwanza inafanyiwa kazi. Ya tatu aliuliza kama mtu aliyetengeneza mchezo anaweza kupata nafasi kwenye kamati ya mchezo huo, na hiyo walimjibu upesi: nafasi za kamati ni tatu na zimejaa, ila Mlezi anakaribishwa kufungua vikao kwa sala. Akajaribu ufundi. Alitengeneza toleo jipya ambalo mwisho wa mechi linapiga vigelegele na kuandika MSHINDI WA HALALI. Katibu akatangaza kwa kipaza sauti kwamba toleo hilo halijapitishwa na kikao, na mchezaji atakayekutwa nalo atafungiwa msimu mzima. Binamu yangu alifungiwa. Alifungiwa kwa kuwa na toleo jipya mno la mchezo, lililotoka mikononi mwa mtu aliyeutengeneza, aliyekuwa amekaa pale na soda yake, chini ya maandishi MLEZI.

Siku moja nilimuuliza kwa kuandika kwenye karatasi, maana mdomo haukutaka: kwa nini usiuzime tu? Alisoma, akamenya karanga. "Nitauzima wapi? Uko kwenye simu za watu. Mimi nilikuwa na mchezo ulipokuwa kwenye kompyuta hii. Sasa hivi nina kiti."

Sikusema kwamba nilikuwa nafaidika. Daftari halina aibu, kwa hiyo naandika. Mimi niliucheza Malisho vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, kwa sababu mtu asiyeongea na watu ana muda mwingi wa kuongea na ng'ombe. Lakini kwa Kanuni ya Saba nilipaswa kutolewa mechi ya kwanza, maana nani aje kutazama mgongo wa msichana aliyeinama? Mama yangu ndiye aliyeokoa jahazi. Mama ni mwenyekiti wa kwaya ya kigangoni. Alileta kwaya nzima, na sare zao, wakajipanga nyuma yangu kwa sauti nne. Robo fainali walikuwa ishirini na sita. Nusu fainali walikuja na ngoma. Mpinzani wangu, dereva wa bodaboda, aliangalia upande wangu, akaangalia wenzake saba, akasema, "Dada, mimi nimekuja kucheza na wewe, sikujua nacheza na parokia." Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya mechi ile Mwalimu alinipita mlangoni bila kusimama. "Thelathini na nne kwa kumi na tisa," alisema. "Wewe wa kompyuta ya tano, umeshinda kwa pointi pia. Nilikuwa naangalia. Walau mtu mmoja alikuwa anaangalia."

Fainali ndiyo aliyoitaka. Aliacha kudai ligi yote. Alidai mechi moja. Mechi moja tu, kabla hajafa, iamuliwe na hesabu ya mchezo. Alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti mara tatu, na mara ya tatu alikuta ng'ombe wamesimama getini, akapita katikati yao. Wanafunzi walioshuhudia walisema alifumba macho. Mwenyekiti akalainika kidogo. Pointi zitaandikwa ubaoni, alisema, watu wote wazione. Kanuni ya Saba inabaki, lakini mchezaji asiporidhika na watu anaweza kukata rufaa kwa pointi, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya hadhara. Mwalimu alikuja darasani amepiga shati pasi. Alinieleza polepole, kwa vidole. "Sauti yako tu. Neno moja. Unasema 'rufaa'. Mimi siwezi kusema, Mlezi hana kura. Wewe unaweza."

Nikatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni rahisi.

Siku ya fainali kwaya ilikuwa na harusi Nkololo. Nyuma yangu kulikuwa na Mama, shangazi, na mbuzi wa jirani. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Mwamapalala aliyevaa njuga miguuni, ambaye huko nyuma alishinda mechi zote kwa kucheza ngoma huku simu ameiweka nyuma ya shingo. Ng'ombe wake waliishi kwenye pamba. Hakujali, na kwa nini ajali? Safari hii alikuja na mjomba wake, mcheza mbina wa zamani, na mjomba alikuja na kapu, na ndani ya kapu kulikuwa na chatu.

Dakika ya pili mjomba akamfunga chatu shingoni kama skafu. Uwanja mzima ukahamia kwao. Hata shangazi. Hata mbuzi, nadhani. Mama peke yake alibaki, akaanza kuimba sauti ya kwanza na ya pili kwa zamu. Mimi sikugeuka. Nilikuwa na ng'ombe arobaini njiani na pamba pande zote mbili.

Kilichotokea dakika ya sita nilisimuliwa baadaye. Chatu alichoka. Aliteremka taratibu kutoka kwa mjomba, akaingia kwenye miguu ya watu. Nilichokisikia mimi ni kelele moja ndefu, halafu kishindo, halafu joto la watu mgongoni mwangu. Wote walivuka mstari wa chokaa. Mjumbe alipanda meza ya luninga yangu. Kijana wa Mwamapalala mwenyewe alikuwa nyuma ya Mama, ameshika gauni lake, njuga zinalia. Upande wa pili alibaki chatu tu. Na Mwalimu alikuwa juu ya mstari wake, kwenye kiti chake, ameinua miguu.

Filimbi ikalia.

Ubao ulisema: mimi arobaini na moja, yeye kumi na mbili chini ya sifuri. Na watu wote wako kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu ligi ianzishwe, pointi na watu walikubaliana. Kamati ikaingia nyuma ya pazia, ikatoka na uso mmoja.

"Tumetafakari," akasema Mwenyekiti. "Watu waliokimbia si watu waliovutwa. Kwenye mbina, aliyewavuta watu leo ni chatu, na chatu ni wa upande ule. Bingwa ni Mwamapalala."

Mwalimu alisimama. Sikuwahi kumwona anasimama pale. "Mwenyekiti, Kanuni ya Saba inasema walipo watu filimbi ikilia. Haisemi wamefikaje!"

Nilishangaa. Mtu wa pointi alikuwa anatetea watu. Nadhani siku ile angetetea hata chatu, mradi tu mtu mmoja asome kilichoandikwa.

"Mlezi," Katibu akasema kwa adabu kubwa, "kaa. Huna kura."

"Basi hesabu iko ubaoni!"

"Na ushauri tumeupokea." Mwenyekiti akanigeukia mimi, na uwanja wote ukageuka naye, watu zaidi ya mia wananiangalia usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Akanisogezea kipaza sauti, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, wewe ndiye mchezaji. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa na silabi tatu. Nilimwona Mwalimu ananitazama, midomo yake inalitamka bila sauti, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Hapana," nikasema.

Wakapiga makofi. Walisema nina adabu, nimelelewa vizuri. Mwalimu alikaa, akafungua soda yake, akainywa yote bila kupumzika. Hakunilaumu, si siku ile wala Jumatatu. Alisema tu, "Keti, wewe wa kompyuta ya tano," na sauti ilikuwa ileile. Heri angenipiga viboko. Muhula uliofuata alihamishwa. Kile kiti cha Mlezi walimpa mjomba wa chatu.

Nilimwona tena mwaka huu, mwezi wa saba. Mama alinituma Nkololo kumjulia hali bibi anayeumwa miguu, na bibi akasema shule ya pale ina mwalimu wa Jiografia anayejificha ng'ombe wakipita. Nilikwenda hivyohivyo, jioni, jua bado liko juu. Alikuwa kwenye baraza la darasa, anamenya karanga, shati la bluu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Umesema kwa sauti. Nani amekufundisha?" Akasogea benchini. Shule ile haina kompyuta hata moja, alisema, kwa hiyo zote zinafanya kazi sawasawa. Nikamuuliza kama bado ana Malisho. Akatoa simu kwa haya. Anaichajisha dukani, akaniambia, na kila siku baada ya vipindi anacheza mara mbili, peke yake. Ramani yake ya pini ilikuwa ukutani nyuma yetu. Sasa alikuwa anafundishia mikoa.

Tukacheza. Kila mtu mwisho wake wa benchi, hakuna luninga, hakuna chokaa. Naapa sikumwachia. Alikuwa amejifunza. Aliwapitisha ng'ombe wake mmoja mmoja, ulimi nje, anawanong'oneza, na wangu kumi waliingia kwenye pamba kwa sababu nilikuwa namwangalia yeye badala ya njia. Simu ikalia. Ishirini na mbili kwa kumi na saba. Alikuwa ameshinda.

Aliangalia ile hesabu muda mrefu. Halafu akajitoa tumbo mbele, akaiga sauti ya Mwenyekiti, akanisogezea karanga kama kipaza sauti. "Mayu, wewe ndiye mchezaji. Una neno?"

Alikuwa anatania. Mimi niliinuka. Nikazunguka benchi, nikaenda kusimama upande wake, nyuma ya bega lake, mahali anaposimama mtazamaji.

"Ninalo," nikasema. "Mwalimu ishirini na mbili, mimi kumi na saba! Na mtu mmoja kwa sifuri!"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyopanga. Uwanjani watoto wawili waliokuwa wamebeba ndoo walisimama, wakatuangalia. Mmoja akaitua ndoo yake chini, akaja mbio kuona kuna nini, na mwenzake akamfuata.

Walisimama upande wake.